Kamera Iwe Wima, Nyumba Ikae Ilivyo: Mwongozo wa Kupiga Picha za Nyumba za Kale za Ujerumani

Mwaka 1790 watawala wa eneo la Siegen, kwenye vilima vya magharibi mwa Ujerumani, walipiga marufuku ufujaji wa mbao katika ujenzi. Miti ilitakiwa kwa ajili ya mkaa, na mkaa ulitakiwa na matanuri ya kuyeyushia chuma, ambayo ndiyo yaliyowalisha watu wa eneo lile. Nyumba ikaruhusiwa zile mbao zinazoibeba tu. Boriti zikawekewa kikomo cha unene, na pambo lisilobeba mzigo likakatazwa. Karne moja baadaye wachimba migodi na wafua chuma wa Siegen walikuwa bado wanajenga kwa mtindo huohuo: mbao nyembamba, kuta nyeupe, paa la vibamba vya sleti, nakshi hakuna.

Bernd Becher alizaliwa Siegen mwaka 1931, akakulia miongoni mwa nyumba hizo. Kuanzia mwaka 1959 yeye na mwenzake Hilla, mzaliwa wa Potsdam ambaye baadaye alikuwa mkewe, walizipiga picha moja baada ya nyingine, na mwaka 1977 wakatoa kitabu chao cha nyumba za eneo la viwanda la Siegen. Ukiitazama nyumba moja peke yake, hakuna cha kukushangaza. Zikipangwa tisa au kumi na tano kwenye ukurasa mmoja, zote kwa umbali mmoja na mwanga mmoja, jicho linaanza kushtuka: hii ina mhimili mmoja wa mshazari pale ambapo jirani yake ana miwili, ile imevikwa sleti upande unaopigwa na mvua, na nyingine dirisha lake limehamishwa.

Mwongozo huu unamhusu anayetaka kupiga picha za namna hiyo. Picha ya kalenda hutafuta siku ambayo nyumba imependeza. Picha ya kumbukumbu ni ushahidi, na ushahidi una masharti: mpigaji ashike kila kitu kilicho mikononi mwake kisibadilike, ili tofauti itakayoonekana iwe ya nyumba zenyewe, isiwe ya hali ya hewa wala ya mkono wake.

Ijue nyumba kabla ya kufungua begi

Aina iliyoenea zaidi ni nyumba ya kiunzi cha mbao, ambayo Wajerumani huiita Fachwerkhaus. Maseremala huunganisha nguzo, boriti na mihimili ya mshazari mpaka nyumba isimame yenyewe. Kuta huja baadaye kuziba nafasi zilizobaki. Zamani nafasi hizo zilisukwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, na mtu aliyekulia kwenye nyumba ya mbavu za mbwa ataitambua kazi hiyo mara moja pale lipu ilipobanduka. Baadaye matofali yalichukua nafasi ya udongo sehemu nyingi, hasa kaskazini.

Kwa kuwa kiunzi ndicho kinachobeba, picha nzuri ya ukuta ni ile inayoonyesha kila mbao inaanzia wapi na kuishia wapi. Picha iliyokata ncha ya nguzo au kuacha nje boriti ya chini imepoteza nusu ya habari.

Kila eneo lina umbo lake. Kwenye tambarare za kaskazini, nyumba ya mkulima ni ukumbi mmoja mkubwa uliokusanya watu, mifugo na mavuno chini ya paa moja. Mlango wake mkuu uko kwenye uso wa pembetatu na ni mpana kiasi cha kupitisha gari la nyasi, na mara nyingi boriti iliyo juu yake imechongwa mwaka, majina ya mume na mke waliojenga na maneno ya dua. Katika vijiji vya Wendland nyumba hizo zimepangwa duara, nyuso zote zikitazama uwanja wa katikati. Kusini magharibi, katika Schwarzwald, paa hushuka karibu na ardhi kukinga theluji. Nyumba ya Vogtsbauernhof ya mwaka 1612 huko Gutach bado iko palepale ilipojengwa, na tangu mwaka 1964 ni kitovu cha jumba la makumbusho la wazi. Mashariki, katika Oberlausitz, kuna nyumba yenye chumba cha magogo yaliyolazwa, kilichozungukwa na nguzo za nje zinazobeba ghorofa ya juu. Wengi walioishi humo walikuwa wafumaji.

Jifunze pia kusoma makovu. Boriti iliyojaa alama fupi za shoka, zilizopangana kama mizani ya samaki, iliwahi kufunikwa lipu, kwa maana fundi aliichanja makusudi ili lipu ishike. Tundu la kuungia lisilo na ulimi ndani yake linasema kwamba mbao fulani iliondolewa, au kwamba boriti nzima ilitolewa kwenye nyumba nyingine. Namba zilizochongwa kwenye viungo ni za maseremala: walikuwa wakiunganisha kiunzi kwanza kiwanjani mwao, wakakitia alama, wakakifungua, kisha wakakisimamisha upya mahali pa nyumba. Anayezijua alama hizi atajua pa kusogeza lenzi. Asiyezijua atazipita huku akitafuta maua ya dirishani.

Chagua eneo dogo, ulimalize

Mji wa Quedlinburg, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1994, una nyumba za kiunzi cha mbao zaidi ya 1,300. Anayeingia pale bila mpango hutoka na picha mia tatu za nyumba zilezile zinazopigwa na kila mgeni. Chukua mtaa mmoja, piga kila nyumba ya mtaa huo, mbovu na nzima, iliyopakwa rangi jana na iliyofungwa mbao madirishani. Nyumba mbovu mara nyingi ndiyo yenye mengi zaidi ya kusema, kwani hakuna ukarabati uliofunika viungo vyake.

Freudenberg, karibu na Siegen, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Moto uliuteketeza mji huo mwaka 1666, ukajengwa upya kwa safu zilizonyooka, na kitovu chake cha zamani kina nyumba zaidi ya 80 za mbao nyeusi na lipu nyeupe. Kutoka bustani iliyo juu ya mji, pembetatu zote hutazama upande mmoja, na picha hiyo kila mtu anayo. Ipige, kwa sababu inaonyesha mpangilio wa safu. Kisha shuka mtaani ufanye kazi iliyobaki, mlango kwa mlango.

Kabla ya siku ya kwanza ya kupiga, tembea bila kamera ukiwa na ramani na kalamu. Andika kila uso wa nyumba unatazama upande gani wa dira, mti upo wapi, magari huegeshwa wapi, na mahali gani panatosha kurudi nyuma. Jumapili asubuhi mapema mitaa mingi huwa mitupu na magari ya kupakua mizigo hayapo.

Subiri mawingu

Watalii huomba jua. Mpiga picha za kumbukumbu huomba anga la kijivu. Jua kali hutupa kivuli cha upenu juu ya ukuta, na katika kivuli hicho ndimo maandishi ya boriti yalimo. Pia hupanua pengo kati ya lipu nyeupe na mbao nyeusi mpaka kamera ishindwe kushika vyote viwili. Chini ya mawingu mepesi mwanga hutoka pande zote, kila kiungo kinasomeka, na picha ya leo inaweza kuwekwa kando ya picha ya mwaka jana bila ugomvi. Ndiyo sababu wanandoa Becher walipendelea siku za mawingu, hasa masika ya Ulaya na majira ya majani kupukutika.

Msimu bora ni kuanzia Novemba mpaka Machi. Miti imepukutisha majani na mizabibu inayotambaa ukutani imebaki vijiti. Theluji iepuke, maana hufunika paa na msingi, sehemu mbili zenye habari nyingi. Baada ya mvua kubwa ngoja mbao zikauke: mbao iliyolowa hubadilika rangi, na ukichanganya nyumba kavu na zilizolowa, mtazamaji atadhani zimepakwa tofauti.

Rangi isitupwe. Wanandoa Becher walifanya kazi yao kwa nyeusi na nyeupe, ila kwa anayeanza leo rangi ni habari. Weusi na weupe tuliouzoea si lazima uwe wa asili, kwani mafundi wa ukarabati hukuta mabaki ya nyekundu, kijivu na manjano ya udongo chini ya tabaka za baadaye. Piga picha moja ya kwanza ukiwa umeweka kadi ya kijivu mbele ya ukuta, ili baadaye rangi isahihishwe kwa kipimo badala ya kubahatisha.

Kamera wima, nyumba ilivyo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu akisimama karibu na kuinua kamera kutazama paa, kuta hukutana juu na nyumba huonekana inaanguka kwa nyuma. Dawa ni kuiweka kamera juu ya tripodi, kuisawazisha kwa pima maji, na kutoiinamisha kabisa. Lenzi inayoweza kusogezwa juu bila kuinamisha kamera humaliza tatizo, lakini bei yake ni kubwa. Asiyekuwa nayo arudi nyuma, aache ardhi nyingi mbele ya nyumba, na aikate baadaye kwenye kompyuta. Ngazi fupi husaidia pia: lenzi ikifika karibu na nusu ya kimo cha nyumba, msingi na paa huonekana kwa haki sawa.

Kosa la pili ni la wanaojua kosa la kwanza. Programu za kuhariri zina kitufe cha kunyoosha mistari chenyewe, na wengi hukibonyeza bila kuwaza. Lakini nyumba ya miaka mia nne huwa imeegemea kweli. Nguzo ya kona imezama kwa kuwa boriti ya chini imeoza, au ghorofa ya juu imesukumwa na uzito wa paa. Programu ikinyoosha ukuta huo, imefuta ugonjwa wa nyumba. Isawazishe kamera kwa pima maji, uache nyumba iegemee inavyoegemea. Pakiwa na mashaka, ning'iniza timazi ndani ya picha moja ya ziada, na ubishi utaisha.

Kwa kamera yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 35 hadi 50 hutosha sehemu nyingi. Lenzi pana zaidi huvuta kona na kubadili uwiano. Weka ISO 100, tundu la lenzi kwenye f/8 au f/11, na tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise kamera. Katika kichochoro chembamba, omba ruhusa ya kupiga kutoka dirisha la ghorofa ya nyumba inayotazamana nayo, au piga vipande kadhaa vinavyopishana na kuviunganisha baadaye.

Picha iliyonyooka inaweza kupimika, na Wajerumani waliligundua hilo mapema. Mwaka 1858 Albrecht Meydenbauer alikuwa akilipima kwa mkono kanisa kuu la Wetzlar, akaponea chupuchupu kuanguka kutoka juu. Akawaza kwamba vipimo vingeweza kuchukuliwa kwenye picha, mpimaji akiwa salama chini. Mwaka 1885 Prussia ilimfungulia taasisi huko Berlin iliyopiga picha za majengo kwa kusudi hilo. Anayetaka kufuata nyayo zake aegemeze ukutani fimbo yenye alama za sentimita, katika picha moja kati ya mbili za kila uso.

Mpangilio wa kila nyumba

Fuata utaratibu mmoja bila kuruka, hata kama nyumba inaonekana haina jipya. Anza na picha ya mtaa, nyumba ikiwa katikati ya jirani zake. Ifuate uso wa mbele kwa unyoofu, kisha pande mbili, kisha nyuma. Nyuma hasa. Mwenye nyumba wa karne ya 18 aliyetaka kuonekana tajiri alipamba upande wa mtaa na kuuacha upande wa ua ulivyo, kwa hiyo ukuta wa nyuma husema umri na mabadiliko kwa uwazi zaidi.

Baada ya hapo piga picha moja ya kona, inayoonyesha jinsi pande mbili zinavyoungana na ghorofa ya juu inavyojitokeza nje ya ile ya chini. Kisha ingia kwenye vitu vidogo: maandishi ya boriti, viungo na vigingi vyake vya mbao, namba za maseremala, bawaba na vitasa, dirisha moja la zamani na moja jipya, mahali lipu imebanduka, vigae au sleti za paa. Maandishi yaliyofifia huonekana ukiyamulika kwa tochi kutoka pembeni kabisa. Hapo ndipo kivuli kinaruhusiwa.

Dishi la setilaiti, bomba la plastiki na mapipa ya taka visifutwe kwa programu. Ni sehemu ya maisha ya nyumba mwaka huu. Pipa linaloweza kusogezwa, lisogeze kwa ruhusa ya mwenye nyumba, kisha lirudishe.

Sheria na jirani

Sheria ya hakimiliki ya Ujerumani, kifungu cha 59, inaruhusu kupiga na kuchapisha picha za nje za majengo yanayoonekana kutoka barabara na viwanja vya umma. Nyumba nyingi za kale hata haziguswi na hakimiliki, kwa kuwa aliyezijenga amefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita. Hata hivyo, kwa jengo lenye hakimiliki, mipaka ipo. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua, katika kesi ya jengo la Hundertwasser la Vienna, kwamba ruhusa hiyo haifiki kwenye picha iliyopigwa kutoka chumba cha nyumba ya mkabala. Mwaka 2024 ikaamua kwamba picha za droni za kazi zenye hakimiliki nazo haziingii. Droni pia ina kanuni zake za usajili na bima, na kwa kawaida hairuhusiwi kurushwa juu ya makazi ya watu bila idhini yao.

Uani na ndani ya nyumba, mwenye nyumba ndiye mwenye amri. Usipige kupitia dirisha ndani ya chumba. Hata ukiwa barabarani na sheria ikiwa upande wako, piga hodi. Bisha, sema "Guten Tag", jitambulishe kwa jina la ukoo na tumia "Sie", yaani "wewe" ya heshima, hadi mwenyeji mwenyewe akuambie vinginevyo. Mtu aliyesimama na tripodi dakika 20 mbele ya nyumba ya watu bila kusema neno huleta wasiwasi kijijini, na pengine polisi. Karatasi moja yenye jina, namba ya simu na maelezo mafupi ya kazi, iliyowekwa kwenye kisanduku cha barua siku chache kabla, hufungua milango mingi. Wazee ndio wanaojua ghala lilibomolewa lini na ng'ombe walitoka lini ndani ya nyumba, kwa hiyo daftari liwe mkononi.

Kwa anayetaka kuingia bila kubisha kila mlango, Jumapili ya pili ya Septemba ni siku ya majengo ya kale kufunguliwa kwa umma, desturi iliyoenea nchi nzima tangu mwaka 1993. Nyumba nyingi za watu binafsi hufunguliwa siku hiyo, nyingine zikiwa katikati ya ukarabati, viungo vyote nje. Omba kupanda darini. Mbao zilizojaa masizi meusi zinaonyesha kwamba zamani moshi wa jiko ulipanda huru hadi kwenye paa.

Daftari na faili

Picha isiyo na mahali wala tarehe ni nusu ya ushahidi. Kwa kila nyumba andika anwani, uso unaotazama wapi, tarehe na saa, mahali tripodi iliposimama, kimo cha lenzi na urefu wake. Umri wa nyumba uandikwe pamoja na chanzo chake: je, ni mwaka uliochongwa, kauli ya mwenye nyumba, au kipimo cha pete za miti? Mwaka uliochongwa huweza kuwa wa ukarabati, au wa boriti iliyohamishwa. Nyumba ya Wordgasse 3 huko Quedlinburg, ambayo sasa ni jumba la makumbusho la ujenzi wa mbao, haikupata umri wake kwenye kibao cha mlangoni. Ni pete za mbao zake zilizosema kwamba miti ilikatwa mwaka 1346 au 1347.

Majina ya faili yawe yanasomeka: kijiji, mtaa, namba ya nyumba, upande, tarehe. Maelezo yaingizwe ndani ya faili yenyewe, yasibaki kwenye daftari tu. Hifadhi faili ghafi ya kamera pamoja na nakala ya TIFF, katika nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba yako.

Picha zikifika kumi za aina moja, zichapishe ndogo, ukubwa mmoja, uzitandaze mezani kwa safu. Jirani aliyepigwa kwa mwanga tofauti au kutoka karibu mno atajitokeza mwenyewe, na utajua nyumba ya kurudia kabla majani hayajachipua. Chunguza pia pengo: labda una nyuso za mbele kumi na pande za nyuma tatu.

Mwisho wa msimu, peleka seti moja kwenye chama cha historia cha kijiji, ambacho Wajerumani huita Heimatverein, au kwenye ofisi ya uhifadhi wa majengo ya wilaya. Uliza kwanza wanataka faili za aina gani, na kubalianeni kwa maandishi nani anaweza kuzitumia na jina la nani litajwe. Orodha ya nyumba, pamoja na mahali tripodi iliposimama na kimo cha lenzi, iambatane na picha. Kwa orodha hiyo mtu mwingine anaweza kuja baada ya miaka kumi, asimame palepale kwa lenzi ya urefu uleule, na kuonyesha dirisha gani limebadilishwa na ukuta upi umesogea.